Watu Walio Nyuma ya Msimbo: Niliyoyaona Kwenye Kongamano la Wasanidi Programu

Ndugu mwenyekiti, wasanidi wenzangu, nanyi wanafunzi mliojaa huku nyuma, habari za jioni.

Nimeombwa niwaeleze niliyoyaona na kuyasikia kwenye kongamano la wasanidi programu nililotoka kuhudhuria. Najua wengi wenu mnangoja orodha ya teknolojia mpya. Orodha hiyo mnaweza kuipata bila mimi. Matangazo ya jukwaa kuu yalirushwa moja kwa moja, na mada nyingi zilizosalia zitawekwa mtandaoni kila mtu azitazame bure. Aliyebaki nyumbani hakupitwa na habari. Alichokosa ni kukaa meza moja na mtu ambaye jina lake analiona kila anaposakinisha maktaba fulani, yaani kifurushi cha msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie, akamwuliza kazi inaendaje, akajibiwa ukweli. Hilo ndilo lililonigusa, na ndilo nitakalolizungumzia jioni hii.

Jukwaa kuu nitalipita haraka. Kulikuwa na ukumbi mkubwa, taa, muziki, na viongozi wa makampuni wakipokezana kipaza sauti. Akili unde ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Tuliahidiwa kwamba msimbo mwingi utaandikwa na mashine na sisi tutabaki kuelekeza. Zana hizi ninazitumia na zinanifaa, hasa ninapoandika majaribio au ninapojaribu kuuelewa msimbo wa mtu aliyekwisha kuondoka kwenye timu. Lakini hakuna aliyesimama pale jukwaani akasema nani atausoma msimbo huo wote, na nani atautunza ukishazeeka. Swali hilo niliwasikia wakiliuliza watu waliokuwa nje ya ukumbi, wale ambao ndio hupokea mapendekezo ya mabadiliko na ripoti za hitilafu. Daniel Stenberg, anayeongoza mradi wa curl, zana ya kuhamisha data kupitia mtandao, amekuwa akilalamika hadharani tangu mwaka 2024 kuhusu ripoti za usalama zilizotungwa na akili unde. Zimeandikwa kwa lugha safi, zinataja sehemu na mistari ya msimbo kana kwamba mwandishi ameikagua, na zikichunguzwa hazina kitu. Kuandika ripoti ya namna hiyo huchukua dakika moja. Kuthibitisha kwamba ni ya uongo kunaweza kumla mtunzaji nusu siku, na hathubutu kuipuuza, kwa sababu huenda inayofuata ikawa ya kweli.

Hata hivyo msidhani nalidharau jukwaa. Taaluma yetu ina deni kubwa kwa watu waliothubutu kuonyesha kitu mbele ya wenzao. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliketi mbele ya wahandisi wapatao 1,000, na kwa dakika 90 akawaonyesha kipanya, maandishi yenye viungo, na watu wawili walio mbalimbali wakifanyia kazi hati moja huku wakionana kwenye skrini. Kompyuta yenyewe haikuwa ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, karibu kilomita 50 kutoka pale, na picha zilisafirishwa kwa mawimbi ya redio. Kitu chochote kingeweza kukatika katikati. Alipomaliza, ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Na muda haulazimiki kuwa mrefu. Machi 2013, kwenye PyCon, kongamano la lugha ya Python, iliyofanyika Santa Clara, Solomon Hykes alipewa dakika 5 tu. Akaeleza Docker ni nini, akaandika amri moja iliyochapisha salamu ya maneno mawili kutoka ndani ya kontena, yaani kifurushi kinachobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji ili iendeshwe, akashuka. Miaka michache baadaye kontena zilikuwa zimebadilisha namna timu nyingi zinavyohamisha programu kutoka mashine ya msanidi hadi kwenye seva. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi, mkipata nafasi ya kwenda kongamanoni, vipindi vya mada za dakika 5 msivikose hata mkiwa mmechoka. Anayezungumza pale hana muda wa kujipamba.

Mada zilizonishika zaidi, lakini, ni zile ambazo mtu husimama kueleza kilichoharibika. Hii ni desturi ya heshima katika makongamano yetu, na imeanzwa na wakubwa. Mwaka 2009, kwenye kongamano la QCon mjini London, Tony Hoare, mshindi wa Tuzo ya Turing ya mwaka 1980 na mbunifu wa mbinu ya upangaji ya Quicksort, aliomba radhi mbele ya ukumbi kwa sababu ya null, ile rejeo tupu isiyoelekeza kwenye kitu chochote, inayotuangushia programu kila siku. Aliibuni mwaka 1965 alipokuwa akisanifu lugha ya ALGOL W, na alikiri kwamba aliiweka kwa sababu tu ilikuwa rahisi kuitekeleza. Hasara yake aliikadiria kuwa dola bilioni moja. Ryan Dahl naye aliitambulisha Node.js, jukwaa la kuendesha msimbo wa lugha ya JavaScript nje ya kivinjari, kwenye JSConf EU mjini Berlin mwaka 2009, kisha mwaka 2018 akarudi kwenye kongamano lilelile kueleza mambo 10 anayoyajutia kuhusu kazi hiyohiyo iliyomjengea jina. Mtu wa kiwango hicho akisema hadharani kwamba hapa nilikosea na sababu ni hii, kijana aliyeko safu ya nyuma anapata ruhusa ya kusema vilevile kwenye timu yake.

Safari hii niliyemkuta akifanya hivyo ni dada mmoja mhandisi wa hifadhidata, kwenye chumba kidogo cha ghorofa ya juu. Watu walikuwa wamesimama hadi mlangoni. Slaidi yake ya kwanza haikuwa na nembo wala picha, ilikuwa na ratiba ya saa na dakika tu. Timu yake ilihitaji kuongeza faharasa, orodha inayoharakisha utafutaji, kwenye jedwali kubwa la hifadhidata ya PostgreSQL. Waliandika amri ya kawaida, CREATE INDEX, bila kuongeza neno CONCURRENTLY, linaloruhusu uandishi uendelee faharasa ikijengwa. Kwenye mashine ya majaribio jedwali lilikuwa dogo, amri ikaisha kufumba na kufumbua. Kwenye mfumo halisi, amri hiyo huzuia uandishi wote kwenye jedwali mpaka faharasa ikamilike. Sasa sikilizeni kilichofanya mambo yawe magumu: haizuii usomaji. Kurasa ziliendelea kufunguka, vipimo vya ufuatiliaji vilibaki kijani, na wateja wakawa hawawezi kuhifadhi chochote. Timu ilijua kuna tatizo kwa kupigiwa simu.

Aliyeandika amri ile hakutajwa, na hakuna aliyeuliza. Yule dada alisema maswali waliyojiuliza ni mawili. Kwa nini mfumo wao uliruhusu amri kama ile ipite bila kusimamishwa na kitu chochote? Na kwa nini ufuatiliaji wao ulipima kusoma peke yake? Baada ya hapo waliweka ukaguzi unaokataa faharasa yoyote mpya isiyo na lile neno, na kipimo kinachojaribu kuandika rekodi moja ya majaribio kila dakika. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami akanyoosha mkono: na ile ya CONCURRENTLY ikishindikana njiani, je? Jibu lilikuwa tayari. Faharasa inabaki pale ikiwa batili, haitumiki kwenye kutafuta lakini bado inagharimu kila unapoandika, kwa hiyo njia inayopendekezwa ni kuiondoa ndipo uanze upya. Nusu ya chumba iliandika hilo. Mimi pia.

Na sasa niende kwenye korido, kwa sababu huko ndiko nilikokaa kwa muda mrefu zaidi.

Kwenye kona moja yenye soketi za umeme, mahali ambapo watu huketi sakafuni kuchaji kompyuta zao, nilijikuta pembeni ya kaka mmoja ambaye kadi ya shingoni ilikuwa na jina nililolijua. Nimeliona jina hilo kwenye msimbo kwa miaka. Anatunza maktaba ndogo inayosoma tarehe zilizoandikwa kwa miundo tofauti na kuzigeuza kuwa muundo mmoja. Ni kazi inayoonekana nyepesi mpaka uifanye. Alinieleza jinsi serikali zinavyobadilisha majira ya saa kwa taarifa ya siku chache. Machi 2023 Lebanon ilitangaza ghafla kwamba saa hazitasogezwa mbele tarehe iliyozoeleka, baadhi ya taasisi zikakataa, nchi ikawa na saa mbili kwa wakati mmoja, kisha uamuzi ukabatilishwa. Kila uamuzi wa namna hiyo lazima uingizwe kwenye hifadhidata ya majira ambayo simu na seva nyingi duniani huitegemea, nayo inatunzwa na kikundi kidogo cha watu wanaojitolea.

Akanifungulia sanduku lake la ripoti. Ile ya juu kabisa ilikuwa imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuchangia mstari hata mmoja, ikisema kwamba hitilafu ile inawakwamisha wateja wao na irekebishwe kabla ya mwisho wa wiki. Hakulalamika. Alisema tu kwamba hiyo kazi anaifanya usiku, akitoka kwenye ajira yake, watoto wakishalala. Nikamwuliza akiugua nani ataishika. Akanitazama, akasema hajui.

Wenzangu, jibu hilo linatuhusu kuliko tangazo lolote la jukwaa kuu. Oktoba 1968, watu zaidi ya 50 kutoka nchi 11 walikutana Garmisch, Ujerumani, kwenye mkutano ulioitishwa na NATO kuzungumzia mgogoro wa programu: miradi inayochelewa, inayozidi bajeti, isiyoaminika. Pale Doug McIlroy wa maabara ya utafiti ya Bell Labs alipendekeza kwamba programu zijengwe kwa vijenzi vilivyo tayari, vinavyotengenezwa mara moja na kutumiwa na wengi, ili kila timu isianze kutoka sifuri. Ndoto yake imetimia kupita kiasi. Leo ukianzisha mradi mdogo wa JavaScript, maktaba chache ulizochagua mwenyewe zinaweza kukuletea mamia ya nyingine usizozijua. Kuunganisha vijenzi tumeweza. Kuwaangalia wanaovitunza hatujaweza.

Aprili 2014, kasoro ya Heartbleed ilipogunduliwa ndani ya OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilifahamika kwamba mradi ule ulikuwa ukipokea takriban dola 2,000 kwa mwaka za michango. Desemba 2021 ikaja Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, kwa udhaifu uliopewa alama 10 kati ya 10 za hatari. Waliokesha kuurekebisha walikuwa watu wa kujitolea.

Lakini kisa ambacho kila mtunzaji niliyezungumza naye alikirudia ni cha xz, na naomba nikieleze taratibu, kwa sababu kinaonyesha mlango aliopitia mshambuliaji. XZ Utils ni mkusanyo wa zana za kubana faili. Kwa miaka mingi ulitunzwa hasa na mtu mmoja. Mwaka 2021 mchangiaji anayejiita Jia Tan alianza kuleta marekebisho madogo, mazuri, ya kweli. Mwaka 2022 majina mengine yasiyojulikana yalianza kumsonga mtunzaji kwenye orodha ya barua pepe: mbona unachelewa, mbona usimpe mtu mwingine? Mtunzaji alijibu kwa uwazi kwamba uwezo wake umepungua, kwamba anasumbuliwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba mradi huu ni wa mapenzi, haumlipi. Hatimaye Jia Tan akapewa mamlaka. Kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1, mwaka 2024, akapachika mlango wa siri, yaani njia iliyofichwa ya kuingia kwenye mashine za watu bila ruhusa. Sehemu zake alizificha ndani ya faili za majaribio zinazoonekana kama data iliyoharibika kwa makusudi, na hatua ya kuziwasha aliiweka kwenye vifurushi vya toleo tu, haikuwamo kwenye hazina ya msimbo ambayo watu huisoma.

Aliyeugundua mlango huo ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na msanidi wa PostgreSQL. Hakuwa akitafuta shambulio. Alikuwa akipima kasi ya hifadhidata kwenye toleo la majaribio la Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, akaona kuingia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kunatumia prosesa kuliko kawaida na kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakuridhika, akachimba. SSH yenyewe haiitumii maktaba ya xz moja kwa moja. Baadhi ya matoleo ya Linux yalikuwa yameiunganisha na systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, na systemd ndiyo iliyoivuta ile maktaba ndani. Tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokipata, kabla mlango ule haujafika kwenye matoleo thabiti ambayo seva nyingi hutumia.

Watu wengi husimulia kisa hiki kwa kumsifu Freund, na anastahili kila sifa. Mimi nawaomba mkitazame kutoka upande wa yule mtunzaji aliyechoka. Alisema hadharani kwamba amelemewa. Makampuni yaliyotumia kazi yake yalikuwa mengi, yenye wahandisi wengi. Mtu aliyejitokeza kumsaidia alikuwa adui. Laiti wangejitokeza wawili watatu wa kweli mwaka ule wa 2022, Jia Tan angekuta kiti kimekaliwa.

Nililisema hili kwa yule kaka wa maktaba ya tarehe, akaitikia kwa kichwa, kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Pesa anazihitaji, ndiyo, lakini kinachomchosha zaidi ni kuamua peke yake. Badiliko likija, hana wa kumwuliza kama ni jema. Angefurahi kumpata mtu wa kusoma tu na kusema nimelisoma, nimelijaribu, linafanya kazi kwangu.

Hapo ndipo makongamano yana kazi ambayo mtandao peke yake hauifanyi vizuri. Kwenye PyCon, kwa mfano, mada kuu zikiisha watu hubaki siku kadhaa kuandika msimbo pamoja. Mtunzaji anaketi mezani na bango la jina la mradi wake, na yeyote anaruhusiwa kuvuta kiti. Huu ndio ule mgeni njoo mwenyeji apone. Nilimwona msichana ambaye hajawahi kuchangia mradi wowote akipewa ripoti ya hitilafu iliyokaa muda mrefu bila jibu. Kazi yake ilikuwa kuirudia ile hitilafu kwenye mashine yake na kuandika hatua zake, basi. Ilimchukua sehemu kubwa ya mchana, kwa sababu ilitokea tu pale lugha ya mfumo wa uendeshaji ilipobadilishwa. Alipoipata, mtunzaji alisimama akaja kuangalia skrini yake, na urekebishaji wenyewe ukawa mistari michache. Kazi ngumu ilikuwa imekwisha kufanywa na huyo mgeni.

Nataka pia kuwa mkweli kuhusu wasiokuwepo. Tiketi za makongamano mengi ni ghali, viza hukataliwa, na karibu kila mada hutolewa kwa Kiingereza. FOSDEM ya Brussels, kongamano la programu huria, inayofanyika kila mwaka kwenye chuo kikuu, haina kiingilio wala usajili, na hilo linaonyesha kwamba inawezekana. Lakini nauli na viza zinabaki palepale. Kwa hiyo sitawaambia kwamba bila kongamano hamwezi kuchangia. Ile kazi ya yule msichana inaweza kufanyika mahali popote penye kompyuta na intaneti, mradi kuwe na mtu upande wa pili anayejibu kwa upole. Watunzaji niliokutana nao, wengi wao, wanajibu kwa upole. Wanaogopwa kwa sababu hawaonekani.

Ombi langu kwa kila timu iliyoko hapa ni moja. Kabla ya mkutano wetu ujao, fungueni faili inayoorodhesha maktaba za mradi wenu, iwe package-lock.json, go.sum au nyingine yoyote. Tafuteni zile zenye mtunzaji mmoja tu ambazo zikisimama nanyi mnasimama. Chagueni moja. Someni ripoti zake zilizo wazi, mjaribu kurudia hitilafu moja kwenye mashine zenu, mwandike mlichokiona, hata kama mlichokiona ni kwamba haitokei tena. Wasimamizi mlioko hapa, ihesabuni hiyo kuwa kazi ya ofisi, ifanyike saa za kazi. Nimeshazungumza na mwenyekiti, na amekubali tutenge sehemu ya mkutano ujao kusikia kila timu ilichagua maktaba gani na ilijibiwa nini.

Muda wangu umekwisha. Anayetaka anwani ya ile mada ya hifadhidata anifuate baadaye nimpe. Sasa naomba maswali, na naomba tuanze na wanafunzi.